Bido ya Koko

Mimi na maji tulizoeana zamani sana. Sisi watoto wa Himbi, mtaa wa Goma, hatukufundishwa na mtu kuogelea, unapewa bido ya manjano ya litri 20 uende kuchota maji ziwani, na kabla ya kuijaza unaifunga vizuri, unaikumbatia, unapiga miguu, siku moja inakuteleza unakuta kumbe unaelea mwenyewe. Basi, umeshajua. Mama alikuwa anagomba, "we mutoto, nilikutuma maji ama nilikutuma samaki?" Lakini Ziwa Kivu haina mamba wala kiboko, hasira yake ilikuwa inaisha haraka.

Ninayotaka kuwaelezea ni ya mwezi wa 6, mwaka 2021. Nyiragongo, volkano yetu, ililipuka tarehe 22 mwezi wa 5, jumamosi jioni, mbingu yote nyekundu, halafu tarehe 27 alfajiri wakatangaza kartiye (mitaa) 10 zihame juu moto wa volkano umepita chini ya mji mpaka chini ya ziwa. Himbi haikuwa kwenye hiyo orodha, lakini nani angebaki? Tukaenda Sake, mji mdogo wa jirani, kwa miguu, matandiko kichwani, zile usiku sitaki hata kuzirudilia.

Kilichoniuma zaidi (kila mtu na yake) ni maneno ya watu juu ya ziwa. Kweli, chini kabisa, karibu mita 480, kuna gazi nyingi, metani na gazi kaboniki, Wanyarwanda upande wao wanavuta hiyo metani wanatengeneza umeme. Kweli pia mwaka 1986 Ziwa Nyos kule Kameruni lilitoa gazi usiku mmoja likaua watu zaidi ya 1,700. Na mazuku tunaijua tangu utoto, ile hewa mbaya inayolala mu mashimo pembeni ya ziwa, mbuzi anaingia hatoki. Sasa chukua hayo yote uyatie kwenye WhatsApp, kufika Sake ziwa lilikuwa tayari linachemka na samaki wameiva wenyewe! Nilikuwa nasikiliza nanyamaza, kama mtu anayesikia ndugu yake anasengenywa.

Tuliporudi robine zilikuwa kavu, lava iliharibu tanki na mabomba, kwa hiyo watu wote wakashuka ziwani na bido. Foleni juu ya mawe meusi, mama, motari, wanafunzi, na cha ajabu hakuna mtoto hata mmoja ndani ya maji. Hata vile vijana vinavyoshinda vikiruka toka juu ya mawe, siku hiyo vilichutama pembeni vinachota na kopo, miguu imekunjwa.

Njo bido ya Koko ikaenda. Koko ni mama mzee anauzisha sambaza kavu, wale samaki wadogo, pale njiani, alikuwa anaisuuza, upepo ukaichukua, tupu, nyepesi, inazunguka inaondoka. "Bido yangu! Eh batoto, bido yangu!" Watu wanaangalia tu. Hakuna aliyecheka, wakati ule bido ilikuwa mali. Kijana mmoja akasema, "Koko, acha tu, kule iko gazi."

Nikakaza kikwembe, nikaingia. Kusema ukweli nilikuwa natafuta sababu tangu Sake. Mawe ya lava yanakata nyayo, yana utelezi, halafu hatua chache hakuna chini tena, Kivu iko hivyo, haikupi nafasi ya kujipanga. Baridi ikanipanda mgongoni, ile ile. Nikafungua macho ndani, kijani, mwanga unakatika vipande, chini zaidi giza. Moto hakuna, harufu hakuna. Nikalala chali, masikio ndani ya maji, makelele ya watu yakazimika, na Nyiragongo mwenyewe huko amejifunika mawingu utadhani si yeye. Nililia kidogo, nani angeona?

Bido nikaikuta mbali, nikarudi nayo kwapani. Watu wakapiga makofi. Koko akaipokea, akaigeuza, akachungulia mdomo wake.

"Na kifuniko?"

"Koko, sikukiona."

"Sasa bido bila kifuniko nitafanya nayo nini, binti yangu? Niizibe na kiazi?"

Vile vijana vikaangua kicheko. Kimoja kikavua shati, na mwenzake, na mwingine, kabla mama zao hawajafungua mdomo kundi zima limesharuka kutafuta kifuniko cha Koko, mpaka mama mmoja wa kwenye foleni akaanza kutugombeza wote, na mimi ndani yake, kwamba tunamchafulia maji na nyumbani bado hajapika.