Kura 1,774

Leo nimetoka zamu ya usiku macho mazito, lakini badala ya kwenda kulala nimepita Marshall Street. Si njia ya kwangu. Ni kamtaa ka nyumba za matofali zilizoshikana bega kwa bega, mapipa ya taka mlangoni, magari yamepandishwa nusu juu ya njia ya miguu. Hakuna cha kutazama isipokuwa kibao cha buluu ukutani, kinachokumbusha kwamba Malcolm X, yule mtetezi wa haki za weusi wa Marekani, alipita hapa mwaka 1965. Ilikuwa tarehe 12 Februari. Siku tisa baadaye akauawa New York.

Naishi Smethwick, magharibi tu ya Birmingham. Wenyewe hutamka Smedhik, ile w wanaimeza. Wageni wengi hukwama hapo kwenye dh. Sisi tuliokua na dhahabu na dhiki haitusumbui. Nimekaa hapa miaka sita, na kwa muda mwingi sikujua hata habari moja ya mji huu zaidi ya wapi pa kununua mihogo na samli.

Kilichonichokonoa ni uchaguzi wa 2024. Mwezi wa tano jirani yangu, mzee wa Kipunjabi anayepaka mlango wake rangi kila mwaka, alinigongea akiwa na fomu mkononi. Umejiandikisha? Nikamwambia mzee, mimi si raia wa hapa. Akanikatiza: wewe ni wa Tanzania, Tanzania iko Jumuiya ya Madola, una haki. Nilidhani anachanganya mambo, nikaenda kuuliza. Kweli. Raia wa Jumuiya ya Madola anayekaa Uingereza kihalali anapiga kura ya ubunge. (Mwenzangu kazini ni wa Bujumbura, Burundi haimo, yeye hana. Mnyarwanda tunayefanya naye zamu moja anayo. Tuliwacheka wote wawili siku hiyo.)

Basi tarehe 4 Julai nikaenda na pasipoti yangu ya Tanzania, maana siku hizi wanataka kitambulisho chenye picha. Mama wa kituoni akatazama picha, akanitazama, akanipa karatasi. Hakuna wino wa kidoleni. Penseli tu, imefungwa kwa uzi, na mbwa wa mtu amelala mlangoni. Nikatoka nimeduwaa. Nyumbani sijapiga kura tangu niondoke, kwa sababu sisi tulio nje hatujawekewa utaratibu; na huku nilikokuja kutafuta maisha nimeulizwa nani aende bungeni.

Jioni mzee akaniuliza nimepigia jimbo gani. Smethwick, nikasema. Akacheka mpaka akashika ukuta. "Smethwick ilikufa 1974. Umepigia mzimu."

Ndiyo nikaanza kuchimba, na tangu hapo sijaacha.

Jimbo la kwanza la jina hili lilianza 1918 na likafutwa katika uchaguzi wa Februari 1974, mipaka ilipochorwa upya na mji ukaingizwa jimbo la Warley East. Halikutimiza miaka sitini. Mji wenyewe ulikuwa wa moshi: vioo vya Chance Brothers, waliotengeneza hata lenzi za minara ya kuongozea meli, na viwanda vya kusubu chuma vilivyokula watu mchana na usiku. Lakini waliopita kwenye masanduku yake ya kura! Ukiwapanga utadhani mtu ametunga.

Anza na 1918. Wanawake wa Uingereza wameruhusiwa kugombea ubunge kwa mara ya kwanza, na Smethwick anasimama Christabel Pankhurst, yule wa harakati za kudai kura za wanawake, akiwa na baraka za serikali ya waziri mkuu Lloyd George. Akashindwa na John Davison wa chama cha Labour kwa kura 775. Wanawake 17 waligombea nchi nzima, akashinda mmoja tu, Constance Markievicz kule Dublin, na huyo hakwenda kukaa London kwa kuwa chama chake cha Sinn Féin kilikuwa kimelisusa bunge lile. Kwa hiyo kura 775 zingeegemea upande mwingine, mwanamke wa kwanza kuketi kwenye lile bunge angetokea kwenye mji huu wa masizi. Nimejaribu kuwafikiria watu 775. Ni shule moja ya sekondari iliyojipanga mstarini asubuhi.

Mwaka 1926 Davison alijiuzulu kwa maradhi, ukaja uchaguzi mdogo, na Labour wakamleta Oswald Mosley. Ndiyo, yule wa mafashisti. Tajiri wa ukoo wa mabwanyenye, mkwe wa Lord Curzon, akiwahutubia wasubu chuma, nao wakampa ushindi wa kura zaidi ya 6,000. Miaka sita baadaye alikuwa ameanzisha chama cha mafashisti na mashati yao meusi. Mzee jirani nilipomwambia hakushtuka. Alisema mtu anayeweza kusema lolote anaweza kusema lolote. Bado sijajua kama aliongea hekima au alikuwa anataka niondoke akamalize rangi yake.

Miaka ya thelathini chama cha Conservative kililishika. 1945 Labour wakalirudisha kwa Alfred Dobbs, naye akafa kwenye ajali ya gari siku moja baada ya matokeo kutangazwa. Siku moja. Uchaguzi mdogo tena, na mwezi wa kumi akaingia Patrick Gordon Walker.

Kwa huyu nimekaa sana, kwa sababu jina lake nilikuwa nalijua bila kujua kwamba nalijua. Ni yeye, mwaka 1950, akiwa waziri wa uhusiano wa Jumuiya ya Madola, aliyemzuia Seretse Khama kurudi kwao Bechuanaland. Kosa la Khama lilikuwa kumwoa Ruth Williams, mwanamke wa Kizungu, na makaburu wa Afrika Kusini hawakutaka jambo hilo mpakani mwao. Uingereza ilikuwa inahitaji dhahabu na urani yao. Basi mrithi wa kiti cha ukoo wake akakalishwa uhamishoni London. Aliyetia sahihi alikuwa mbunge wa mtaa ninaokaa.

Sasa sikiliza ilivyogeuka. Baada ya vita viwanda havikuwa na watu wa kutosha, Wapunjabi wakaja, na watu wa Jamaika, wakashika zile kazi za tanuri ambazo wenyeji walizikimbia. Nyumba zilikuwa chache hata kabla hawajafika. Kwenye halmashauri akatokea mwalimu mmoja, Peter Griffiths wa Conservative, aliyeyaunganisha yale mawili: nyumba hamna, na wageni ndio hawa. Uchaguzi wa tarehe 15 Oktoba 1964 ukapiganiwa hapo. Kulikuwa na kaulimbiu mitaani iliyosema, kwa neno la kutukana weusi ambalo siliandiki hapa, kwamba ukitaka mtu wa aina hiyo awe jirani yako, chagua Labour. Griffiths hakusema ni yake. Alipoulizwa, alisema hatamlaumu anayeisema, kwa kuwa inaonyesha hisia za wananchi.

Na Labour? Hapo ndipo nilipokasirika zaidi, kwa sababu kutoka kwa adui unategemea. Walitoa karatasi yao wakisema wahamiaji walikuja kwa wingi wakati serikali ni ya Conservative, kwa hiyo msiilaumu Labour. Yaani hawakusema hawa ni majirani zenu. Walisema si sisi tuliowaleta.

Nchi nzima ilikuwa inaelekea Labour; kiongozi wao Harold Wilson akawa waziri mkuu siku iliyofuata. Smethwick ikaenda kinyume. Griffiths 16,690, Gordon Walker 14,916. Tofauti ni 1,774. Aliyemfukuza Mwafrika kwao ili kuwapendeza makaburu ameangushwa kwa shutuma kwamba anawapenda mno weusi. Mwalimu wangu wa fasihi pale sekondari angesema hii imezidi, punguza.

Haikuishia hapo. Wilson alikuwa amemtaka Gordon Walker awe waziri wa mambo ya nje, akamteua hivyohivyo bila ubunge, na Wilson huyohuyo akambandika Griffiths jina la mkoma wa bunge. Ili Gordon Walker apate kiti, mbunge wa Leyton, London, Reginald Sorensen, mzee aliyetetea makoloni miaka mingi, alipelekwa nyumba ya malodi, yaani bunge la juu lisilopigiwa kura, ili aache nafasi. Watu wa Leyton hawakupenda kufanyiwa mchezo. Januari 1965 wakamnyima kwa kura 205, akajiuzulu uwaziri. Majimbo mawili kwa miezi mitatu na siku chache.

Kisha halmashauri ya hapa ikaja na mpango wa kununua nyumba za Marshall Street ili ziende kwa familia za Kizungu tu. Richard Crossman, waziri wa nyumba, akakataa kuwaidhinishia mkopo. Katikati ya hayo ndipo chama cha wafanyakazi wa Kihindi kikamwalika Malcolm X. Wiki ileile ya uchaguzi wa Oktoba alikuwa Dar es Salaam na alikuwa ameonana na Mwalimu Nyerere. Miezi minne baadaye anatembea kwenye huu mtaa wenye baridi ya Februari, akisema amesikia watu weusi hapa wanatendewa kama Wayahudi chini ya Hitler.

Mwaka 1966 jimbo likarudi Labour kwa Andrew Faulds, mwigizaji wa sinema na redio mwenye ndevu nyingi na sauti ya radi. Alizaliwa Tanganyika, wazazi wake wakiwa wamishionari. Nilipompigia mama Tanga kumhadithia alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Kumbe mtoto wa huku? Na Kiswahili alikuwa anakijua?" Nikamwambia mama, sijui. "Ungeanza na hilo, mwanangu." Mwaka huohuo wa 1966 Bechuanaland ikawa Botswana, na rais wake wa kwanza akawa Seretse Khama.

Nisipambe. Faulds alishinda, lakini hofu ya Smethwick ilibaki London. Mwaka 1968 serikali ileile ya Labour ilipitisha bungeni kwa siku tatu sheria ya kuwafungia mlango Wahindi wa Kenya waliokuwa na pasipoti za Uingereza mkononi.

Na lile jina lililokufa 1974 lilirudishwa 2024, ndiyo maana mzee alicheka. Aliyeshinda ni Gurinder Singh Josan wa Labour, Kalasinga mwenye kilemba. Nilitegemea jirani yangu atatangaza sherehe. Alisema barabara bado ina mashimo.

Jumapili iliyopita nilimletea chapati, na hatimaye nikamuuliza alimchagua nani 1964. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu, amekuja miaka miwili kabla. Akasema hakumchagua yeyote. Nyumba yao ilikuwa na wanaume kumi na wanne. Wa zamu ya usiku akiamka, wa mchana anaingia kwenye kitanda hichohicho, shuka bado ina joto. Wote walikuwa na haki ya kupiga kura. Hakuna aliyejiandikisha, kwa sababu hakuna aliyewaambia, na wao walidhani ni jambo la wenyewe. "Ile nyumba," akasema, "na ya pili yake, na ya tatu." Akaanza kuhesabu kwa vidole, halafu akaacha akala chapati.

Nimefika nyumbani saa mbili na nusu. Mpangaji mwenzangu, kijana wa Kisumu aliyehamia mwezi uliopita, bado anakoroma. Kuna barua ya halmashauri, ya daftari la wapiga kura, inayouliza nani wanaishi humu. Nimemwekea juu ya friji, na kalamu juu yake.