Dogo alikuwa anakatwa salio kila siku na hakumwambia mtu

Mpwa wangu yuko kidato cha tatu, kaja kwangu likizo na simu ya tachi aliyopewa na mama yake, siku ya pili asubuhi tu ananiambia mjomba naomba buku ya bando. Nikampa. Dakika mbili karudi, "Mjomba haijatosha." Nikajua huyu anataka kunipiga, nikasema hebu lete simu. Kweli bwana, vocha ya 1,000 imeingia na salio linasoma 700, na hajapiga hata simu moja.

Tukaanza kupekua meseji. Kumbe kaunganishwa huduma mbili, wimbo wa mwito na matokeo ya mpira, kila moja 150 kwa siku. Ya wimbo alituma neno mwenyewe kwenye namba fupi, ile ya mpira ilimtokea tu kwenye skrini akiwa anacheza gemu akabonyeza OK ili imuondokee. Basi. Siku ambayo laini haina kitu hawapati, ila akiweka tu vocha wanaidaka kabla hajanunua bando.

Kilichoniuma ni kwamba alikuwa anajua hela inaliwa, tena miezi miwili, akakaa kimya kwa sababu siku anapewa simu aliambiwa ukifanya ujinga wowote nakunyang'anya. Akawa anakatisha hela ya kula shule anaweka vocha nyingine. Jamani wazazi, mtoto akiogopa kusema ndio anazidi kuliwa, mimi naona hapa ndipo pa kuanzia kabla ya mengine yote.

Sikumfokea. Nikampa daftari nikamwambia piga hesabu mwenyewe, 150 mara 30 ni 4,500, kwa huduma mbili 9,000, huduma moja tu kwa mwaka mzima ni 54,750. Aliirudia hiyo ya mwisho mara mbili, akahisi kakosea.

Halafu nikamuonyesha kwenye simu yake yeye mwenyewe: namba ya mtu inaanza na 06 au 07, hizi fupi za tarakimu tano nyingi zina bei yake na sio ya meseji ya kawaida. Neno "bure" lina siku zake, zikiisha unaanza kukatwa, na bei wanaiweka mwishoni kabisa pamoja na neno la kujitoa. Tukatuma hilo neno, moja ikakubali. Ya mpira ikagoma, tukapiga 100 huduma kwa wateja, aliongea mwenyewe mimi nimekaa pembeni, wakaitoa. Wangekataa ningeandika malalamiko TCRA, mamlaka inayosimamia mawasiliano, maana utaratibu ni kuanza na mtandao wako kwanza. (Ile 15040 ni ya kuripoti namba za matapeli, watu wanachanganya sana.)

Jumapili tukaenda kwa bibi yake. Dogo kaomba kitochi cha bibi bila kuambiwa, kaingia kwenye meseji, kakuta dondoo za afya zinakuja kila siku na bibi hajui kusoma. "Bibi, hizi unazilipia."

Bibi anasema alijua ni laini mbovu inakula vocha, alikuwa anataka kuitupa.