Msalato: Uwanja wa Ndege na Watu Wasioweza Kusubiri

Jumamosi ninapopata nafasi huenda mnada wa Msalato, kilomita zipatazo 12 kutoka katikati ya Jiji la Dodoma kwa barabara ya Arusha. Zamani mazungumzo kwenye majiko ya nyama choma yalihusu bei ya mbuzi na mwenendo wa mvua. Siku hizi, kabla nyama haijaiva, lazima atokee mtu wa kuulizia kiwanja. Sababu yake ni Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Msalato, uliowekewa jiwe la msingi na Rais Samia Suluhu Hassan mwezi Oktoba 2022, wenye njia ya kurukia ndege ya mita 3,600 na unaojengwa kwa sehemu kubwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika.

Haja ya uwanja huo siibishii. Uwanja wa zamani umebanwa na mji pande zote, na mimi niliyewahi kupanga chumba Makole nayajua mazungumzo ya sebuleni yanayokatika kila ndege inapotua. Tangu mwaka 2016, Serikali ilipotangaza kuhamia Dodoma, ilikuwa wazi kwamba uwanja mwingine ungehitajika. Jambo linalonisumbua ni namna faida yake inavyogawanyika kati ya anayeweza kusubiri na asiyeweza.

Baba yangu mdogo alikuwa na ekari tatu upande wa Msalato, akilima uwele na karanga. Habari za uwanja zilipoanza kuvuma, akaja dalali, na shamba likauzwa ndani ya wiki mbili. Wapo ndugu wanaosema alidanganywa. Mimi siamini hivyo, kwa sababu bei aliyopewa ndiyo iliyokuwa bei ya siku ile. Aliuza mwezi wa Februari, wakati ambao Mgogo yeyote anaujua: ghala limekwisha, uwele mpya bado uko shambani, na ada ya shule inadaiwa. Aliyenunua alikuwa na mshahara, akaweka nguzo za mipaka na kuliacha shamba liote nyasi. Leo fedha alizopata baba mdogo kwa ekari zote tatu hazitoshi kununua kiwanja kimoja ndani ya shamba lilelile.

Kwa wale ambao ardhi yao huangukia ndani ya mipaka ya uwanja wowote, kusubiri huwa kwa namna nyingine. Kanuni za fidia za mwaka 2001 kwa kweli ni pana: pamoja na thamani ya ardhi, nyumba na mazao, zinataja posho ya usumbufu, posho ya makazi inayokokotolewa kwa kodi ya miezi 36, na gharama ya kusafirisha tani 12 za mizigo kwa umbali usiozidi kilomita 20. Tatizo kubwa ni muda unaopita kati ya tathmini na malipo. Wakazi wa Kipawa, Dar es Salaam, walithaminiwa mwaka 1997 kwa ajili ya upanuzi wa uwanja wa kule, na malipo yakaja baada ya zaidi ya miaka 10. Katika miaka yote hiyo mtu hathubutu kuongeza chumba wala kupanda mti, na benki haiwezi kuipokea nyumba yake kama dhamana. Ni kweli kwamba Sheria ya Uthamini ya mwaka 2016 imeweka ukomo wa miaka miwili, ambao ukipita tathmini hurudiwa, na hilo nalipongeza. Hata hivyo, kwa mkulima wa Dodoma miaka miwili ni misimu miwili kamili, kwa kuwa mvua yetu ni moja tu, ya kati ya Desemba na Aprili. Mzabibu nao huchukua karibu miaka miwili tangu kupandwa hadi kuzaa vizuri, kwa hiyo anayeng'olewa shamba la zabibu hupoteza pia muda ambao hautalipwa na mtu.

Wapangaji huguswa mapema kuliko wote. Shangazi yangu aliwapikia vibarua wa ujenzi wali na maharage, na kwa miezi kadhaa alipata fedha ambazo hakuwahi kuzishika. Kisha mwenye nyumba akapandisha kodi ya chumba na ya kibanda kwa pamoja, na nyongeza yote ikaishia huko.

Kama ningesikilizwa, ningeomba maofisa ardhi na wenyeviti wa mitaa wawakalishe wananchi mapema, kabla madalali hawajafika, wawaeleze kwamba shamba linaweza kukodishwa, au kupimwa na kuuzwa kiwanja kimoja huku vingine vikibaki. Baba mdogo hakuelezwa na mtu. Msimu uliopita alilima ekari moja ya kukodi huko Chihanga, na kila alfajiri alipita kwa baiskeli kando ya nguzo zilizosimikwa katika shamba alilorithi kwa babu.