Mbio za usiku kwenye joto la Mtwara

Wenzangu, msidhani jua likizama Mtwara msimu huu wa kaskazi kazi imekwisha. Unyevu unabaki, tena usiku hewa inakuwa nzito zaidi. Jasho hupoza mwili pale linapokauka. Likichuruzika tu, mwili unazidi kupata moto. Ndiyo maana nafanya mazoezi baada ya Isha, saa ileile ya mbio zenyewe. Mwili huhitaji kama siku 10 hadi 14 kuzoea joto, kwa hiyo jamani anzeni mapema!

Kasi napunguza kwa makusudi. Nikishindwa kuongea na mwenzangu, natembea. Madafu nayapenda mno, ila chumvi yake ni kidogo kuliko tunayotoa kwa jasho, basi kwenye maji ya kunywa naongeza chumvi kidogo na ndimu. Chakula kizito ni mchana.

Barabara ya Mikindani usiku, vaeni nguo zinazoakisi mwanga, bodaboda wawaone. Na ukisikia kizunguzungu au baridi ya ghafla, simama palepale, jimwagie maji, ita mtu.

Kesho naanzia Shangani. Nani tunaongozana?