Wewe, wala mwana wako, wala binti yako

Masomo: Kutoka 20:8–11, Kutoka 5:6–19

Wapendwa katika Bwana, amri ya Sabato tumezoea kuisoma kana kwamba inamhusu kila mtu na ibada yake. Hebu tuisome tena polepole tukiwahesabu waliotajwa: wewe, mwana wako, binti yako, mtumwa wako, mjakazi wako, mnyama wako, mgeni aliye ndani ya malango yako. Nyumba nzima inaambiwa ipumzike siku ileile. Baba akipumzika Jumanne na mama Alhamisi, kila mmoja amepata siku yake, lakini nyumba haijapumzika.

Familia za wafanyakazi wa Uingereza zililijua hilo viwanda vya nguo vilipoanza. Kabla ya hapo nguo zilitengenezwa nyumbani: watoto walichambua pamba au sufu, mama alisokota kwa gurudumu, baba alifuma. Tusiipambe hali hiyo. Watoto walichoka, na mfanyabiashara aliyeleta malighafi ndiye aliyepanga malipo. Lakini saa ya kula, ya kulala na ya kumuuguza mgonjwa ilipangwa humo humo ndani, na wafumaji wengi walijipa hata Jumatatu ya kupumzika, wakafidia kazi mwisho wa wiki. Mwaka 1771 Richard Arkwright alianza kujenga kiwanda chake huko Cromford, mashine zikiendeshwa kwa nguvu ya maji. Gurudumu la maji likizunguka, mashine zote zinazunguka, kwa hiyo watu wote sharti wawepo kengele ikilia. Zamu zilikuwa za saa 12, moja mchana, nyingine usiku.

Tuitazame kwa karibu mashine iliyotokana na ubunifu wa Samuel Crompton wa mwaka 1779. Kigari kirefu chenye mamia ya vijiti vya kusokotea kinatoka mbele kama mita moja na nusu, kikivuta nyuzi na kuzisokota, kisha kinarudi kikizikunja. Uzi ukikatika, mtoto anainama na kuuunga kwa vidole huku kigari kikiendelea. Mwingine, mdogo zaidi, anatambaa chini ya nyuzi kuzoa mabaki ya pamba, na ole wake akichelewa kutoka kigari kikirudi. Uzi wa pamba hukatika hewa ikiwa kavu, kwa hiyo madirisha yalifungwa, watu wakashinda katika joto na unyevu.

Msokotaji alilipwa kwa wingi wa uzi. Yeye ndiye aliyewaajiri wale watoto na kuwalipa, na mara nyingi walikuwa watoto wake au wa ndugu zake. Hapa Kutoka 5 inasema nasi. Katika habari ile, wasimamizi wa Farao waliwapiga wanyapara, na wanyapara walikuwa Waisraeli wenyewe, waliodaiwa hesabu ileile ya matofali bila kupewa majani. Nao wangefanya nini ila kuwabana ndugu zao? Kiwandani ilikuwa vivyo hivyo: mtoto akisinzia jioni, nyuzi zinakatika, ujira wa nyumba unapungua, na mkono unaoinuka kumwamsha ni wa baba. Kumhukumu baba huyo ni rahisi. Musa hakuwakemea wanyapara. Alirudi kwa Bwana kuuliza mbona watu hawa wametendwa mabaya.

Mama aliyefanya kazi kiwandani alimwacha mtoto mchanga kwa bibi kizee au kwa dada yake mdogo. Ili anyamaze, wengi walimpa dawa ya maji yenye afyuni, iliyouzwa waziwazi madukani. Mtoto alilala, akakosa hamu ya kunyonya, akadhoofika. Wengine hawakuamka.

Sheria ya 1833 ilizuia watoto wa chini ya miaka 9 katika viwanda vingi vya nguo, na wa miaka 9 hadi 12 ikawawekea kikomo cha saa 48 kwa wiki, pamoja na masomo ya saa mbili kwa siku. Wakaguzi walikuwa wanne tu kwa nchi nzima. Mwaka 1847, kwa juhudi za John Fielden, ambaye mwenyewe alikuwa na viwanda, ikapita sheria ya kazi ya saa 10 kwa siku kwa wanawake na vijana. Kasoro yake ni hii: ilihesabu saa za kazi bila kubana vya kutosha saa ya kuanza na ya kumaliza. Baadhi ya waajiri wakapanga zamu za kupokezana. Mama aliweza kuitwa saa 11:30 alfajiri, akatolewa katikati ya siku, akarudishwa, akaachiliwa saa 2:30 usiku. Saa zake ni 10, siku yake ni 15, na mkaguzi hana namna ya kuthibitisha lolote.

Mwaka 1850 Bunge liliamua kazi iwe kati ya saa 12 asubuhi na saa 12 jioni, au saa moja hadi saa moja, na Jumamosi iishe saa 8 mchana. Saa za kazi ziliongezeka kidogo, zikawa 10 na nusu, na wengi waliopigania saa 10 waliona wamesalitiwa. Kwa maoni yetu, familia ilifaidi zaidi hapa, maana jioni ilijulikana na mchana wa Jumamosi ukapatikana. Ila watoto waliachwa nje ya mpango huo hadi 1853. “Wala mwana wako” ilichelewa miaka mitatu.

Na kanisa? Robert Raikes alianzisha shule ya Jumapili Gloucester mwaka 1780, kwa kuwa siku nyingine watoto walikuwa kazini. Waliosoma humo ni wengi mno. Hata hivyo baadhi ya makanisa yalikataa kuwafundisha kuandika siku hiyo, eti kuandika ni kazi. Kusoma ruhusa, kuandika marufuku!

Wiki hii kila nyumba ichukue karatasi moja. Chora safu ya kila mtu, andika saa anayotoka nyumbani na saa anayorudi, si saa za kazi peke yake, maana njia nayo inakula muda. Pigia mstari saa ambazo wote mko macho na mko pamoja. Wenye zamu za usiku wahesabu usingizi wa mchana kama usingizi. Aliye na wafanyakazi atoe ratiba ya zamu mapema, asimkate mtu siku yake vipande viwili, na mume na mke walioajiriwa naye awape siku moja ya kupumzika. Nao viongozi wa vikundi vya kanisa wazilete karatasi hizo kabla ya kupanga kwaya, semina na vikao, kwa sababu mara nyingi vinaangukia saa zilezile zilizopigiwa mstari.