Gitaa la besi la mzee wa Majengo
Jana mzee mmoja hapa Majengo, Moshi, aliniomba nimtazamie gitaa lake la besi, Fender Jazz Bass, ambalo aliyemuuzia alimhakikishia kuwa ni la mwaka 1960, mwaka ambao aina hiyo ilianza kuuzwa. Nilipolifuta vumbi niliona vizungushio vitatu, ilhali matoleo ya awali yalikuwa na jozi mbili zilizopandana, cha sauti na cha toni. Vizungushio, hata hivyo, fundi yeyote aweza kuvibadilisha. Kilichonishawishi zaidi kuwa si la mwaka 1960 ni shingo, kwa kuwa ilikuwa na alama za pembe nne badala ya vidoti, na alama hizo zilianza mwaka 1966. Mzee alicheka tu, akaomba nimsaidie kukaza nyuzi.