Nilivyowaingiza wanangu shule za umma za Montgomery County, Maryland

Maryland ina mifumo 24 ya shule za umma: kaunti 23 na jiji la Baltimore linalojitegemea. Ukihamia Silver Spring, kama sisi, uko chini ya kaunti ya Montgomery, ambayo mfumo wake ndio mkubwa kuliko yote jimboni, una wanafunzi wapatao 160,000 na shule zaidi ya 200. Kwa aliyeko nyumbani Tanzania, chukulia halmashauri ya wilaya inayoendesha shule zake zote mpaka darasa la 12, na sehemu kubwa ya fedha inatoka kwenye kodi za majengo na mapato ya wakazi wenyewe.

Ndiyo maana swali la kwanza nililoulizwa si mtoto ana akili kiasi gani, bali tunakaa wapi. Hali ya uhamiaji hawaiulizi kabisa. Tangu hukumu ya Mahakama Kuu ya Marekani ya mwaka 1982, shule ya umma haiwezi kumkatalia mtoto kwa sababu ya karatasi za uhamiaji. Ila anuani, hapo hawana mchezo.

Sisi tulifikia kwa wifi yangu, na mkataba wa pango una jina lake peke yake. Wengi hukwama hapa, wakadhani lazima wapange kwanza ndipo mtoto asome. Ipo fomu kwa ajili ya familia inayoishi kwenye nyumba ya mtu mwingine. Mwenye nyumba na mgeni wote wanaijaza, wanaapa mbele ya afisa wa viapo, kisha unaambatanisha na mkataba wa mwenye nyumba. Wifi alisitasita akidhani anaingizwa kwenye deni, mpaka nilipomsomea mstari kwa mstari. Benki yake ilikuwa na afisa wa viapo, tukamaliza siku hiyohiyo.

Chanjo zilinishangaza zaidi. Kadi za kliniki nilizibeba zote, hata zilizochakaa, nikijua watoto wangu hawakukosa hata sindano moja. Kumbe sindano zenyewe hazilingani. Nyumbani mtoto huchomwa surua na rubela; huku wanataka na matubwitubwi ndani yake, na tetekuwanga juu, ambayo kwenye ratiba ya taifa letu haimo. Ukiwa na ahadi ya kliniki ndani ya siku 20, Maryland inaruhusu mtoto aanze masomo huku mnakamilisha, kwa hiyo omba miadi mapema na uibebe kwa maandishi. Jambo lingine ni kifua kikuu. Mtoto aliyechomwa BCG, mwenye lile kovu begani, anaweza kuvimba kwa kipimo cha ngozi ingawa haumwi. Nilimwonyesha muuguzi kovu la binti na kuomba kipimo cha damu. Alikubali bila neno.

Binti alikuwa darasa la pili Tanga. Ripoti yake ya Kiswahili hakuna aliyeihangaikia, maana kwa wadogo umri ndio unaopanga: anayetimiza miaka 5 ifikapo Septemba 1 anaingia chekechea, na wengine wanafuata hapo. Basi la shule hakupata, kwa sababu shule ya msingi iko ndani ya maili moja, na kwa wa rika lake hiyo ni safari ya miguu. Sikulalamika. Mtoto wa Tanga na kutembea!

Kwenye usajili kuna maswali matatu kuhusu lugha: aliyojifunza mtoto kwanza, anayoitumia zaidi, na inayozungumzwa nyumbani. Wifi akaninong'oneza, "Wifi yangu, andika Kiingereza tu, wasije wakamtupa kwenye darasa la wageni." Huo ushauri nimeusikia tena kwa Watanzania wengine, na naupinga. Niliandika Kiswahili mara zote tatu. Watoto wakapimwa Kiingereza, wakapangiwa mwalimu wa ESOL, yaani Kiingereza kwa wenye lugha nyingine, na hawakutengwa na wenzao. Binti alikuwa darasani kwake, mwalimu anakuja au anamchukua kwa kipindi kimoja. Kila mwaka majira ya baridi wanapimwa upya, na anayefikia kiwango anatoka. Ukiandika Kiingereza, mtoto anaachwa aogelee peke yake, na akishindwa wanaanza kuuliza kama ana tatizo la kujifunza.

Jibu hilohilo linakupa haki nyingine. Shule inapaswa kuwasiliana na mzazi kwa lugha anayoielewa, bure, na si kumtumia mtoto kama mkalimani. Kiingereza changu kinatosha sokoni, lakini kwenye kikao cha mwalimu niliomba mkalimani wa simu. Alikuwa mwenzetu wa Bukavu, Kongo. Mwalimu alikuwa akitutazama tukicheka akidhani tunamsengenya, kumbe ni Kiswahili chake na changu vinasalimiana.

Kazi kubwa ilikuwa ya kijana. Alikuwa amefaulu upimaji wa kidato cha pili na kusoma nusu ya cha tatu. Sekondari ya huku haihesabu miaka, inahesabu krediti: Montgomery wanataka 22 ili upate diploma, na kila somo la mwaka mzima ni moja. Ripoti zake za mihula zilikuwa na mihuri na kwa Kiingereza, hivyo hazikuhitaji tafsiri. Baiolojia, historia na Kiingereza zikakubaliwa, akapangwa darasa la 10.

Hisabati ikagoma. Kwenye ripoti ya Tanzania imeandikwa "Basic Mathematics" basi, na ndani yake mna aljebra, jometri, takwimu, vyote kwenye kitabu kimoja. Hapa aljebra ni somo la mwaka, jometri ni mwaka mwingine, aljebra ya pili mwaka mwingine tena. Mshauri wa wanafunzi, mama mwungwana kabisa, hakuona neno "aljebra" popote, akamweka Algebra 1 na watoto wanaoanza kutafuta x.

Nilirudi na madaftari. Nilikuwa nimeyabeba kwa sababu kijana alikataa kuyaacha, na nilimgombeza kwa uzito wa begi. Nikafungua la kidato cha pili: milinganyo ya kipeo cha pili, logariti, pembetatu zinazofanana, Pythagoras, sini na kosini. Mshauri akamwita mwalimu wa hisabati. Mwalimu akageuza kurasa taratibu, akaishia kwenye logariti, akamuuliza kijana, "Hii umeifanya wewe?" Akampa karatasi ya maswali palepale, akaketi pembeni akisahihisha kazi zake. Kijana alikosa ya takwimu, kwa sababu ya maneno na si hesabu. Akahamishiwa Geometry, na mwalimu akaahidi kwamba akifanya vizuri ataruka kwenda mbele.

Kuhusu shule gani, upande wetu wa kaunti una utaratibu wake. Sekondari tano, Montgomery Blair, Einstein, Kennedy, Northwood na Wheaton, zimewekwa kundi moja, na wanafunzi huzipanga kwa kadiri wanavyozipenda. Watu wanaitaja Blair kama Ilboru, ile sekondari ya vipaji ya Arusha. Sisi tuliangalia ipi ina nafasi na ipi ina walimu wengi wa ESOL.

Bado ana deni la saa za kujitolea, maana Maryland haitoi diploma bila huduma kwa jamii. Jumamosi anapanga makopo kwenye ghala la chakula cha msaada, na anarudi na fomu iliyosainiwa. Anadaiwa pia historia ya Marekani na somo la serikali, ambavyo kidato chetu hakikuvijua. Serikali ameipenda: bodi ya elimu ya kaunti ina wajumbe wanane, na mmoja ni mwanafunzi anayechaguliwa na wanafunzi wenzake, tena ana kura. Sasa nyumbani anatudai kura juu ya nani aoshe vyombo, na mimi na baba yake tumeshindwa mara mbili.